Ruzuku ya mbolea Tabora na Kigoma: mfuko unafuatiliwa, orodha haionekani

Huduma inayopimwa hapa ni ruzuku ya mbolea kama inavyomfikia mkulima wa Urambo, Kaliua, Kasulu na Buhigwe, tangu jina lake linapoandikwa ofisi ya kijiji hadi mfuko unapofungwa nyuma ya baiskeli. Yapo mengi ya kupima katika safari hiyo, na yatapimwa, lakini swali lililopewa uzito kuliko yote ni hili: je, jirani anaweza kujua nani kapata mifuko mingapi, na kwa shamba lipi? Kwa kipimo hicho huduma inafanya nusu ya kazi. Mfumo wa kompyuta unaujua kila mfuko. Kijiji hakiujui.

Bei ya mbolea ilianza kupanda duniani wakati wa UVIKO-19, viwanda na meli vilipoyumba, ikazidi kupaa vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukapita shilingi 120,000 madukani. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23, na tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua ruzuku jijini Mbeya. Bei zilizotangazwa kwa msimu ule zilikuwa 70,000 kwa DAP na kwa Urea, mbolea ya kukuzia, na kwa aina nyingine 60,000 kwa CAN na 50,000 kwa SA. Mkulima hakupewa noti mkononi. Alipewa punguzo, na Serikali ikachukua jukumu la kumlipa msambazaji tofauti iliyobaki.

Tofauti hiyo ndiyo fedha ya umma, nayo ni rahisi kuisahau kwa sababu haionekani ikipita. Mfuko wa DAP uliotoka dukani kwa 70,000 wakati bei halisi ilishapita 120,000 ulibeba zaidi ya shilingi 50,000 za walipakodi. Jina hewa moja lililoandikiwa mifuko 20 linaondoka na shilingi milioni moja. Majina hewa 20 ya aina hiyo ni milioni 20, na kila mtu wa Tabora na Kigoma anajua milioni 20 ni nini: ni darasa moja la UVIKO. Oktoba 2021, Serikali ilipotumia sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, wa dola milioni 567.25, takriban shilingi trilioni 1.3, kujenga madarasa 15,000 nchini, kila darasa lilipangiwa milioni 20. Kiasi kilijulikana hadi kwa fundi wa kuchanganya zege. Wanakijiji waliweza kusimama nje ya uzio wakahesabu: madarasa matatu, milioni 60, bati hizi, madawati haya. Darasa linahesabika miaka yote. Mfuko wa Urea umeshayeyuka ardhini kabla mvua za Januari hazijaisha, na kilichobaki kuuhesabia ni maandishi tu. Ndiyo maana maandishi ya ruzuku yanapaswa kuwa wazi kuliko ya madarasa, na si kinyume chake.

Usajili

Usajili ni bure, na hufanyika ofisi ya kijiji au mtaa. Mkulima anataja jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) au kitambulisho kingine kinachokubalika, namba ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na mazao. Taarifa huandikwa kwenye daftari la wakulima la kijiji kisha huingizwa kwenye mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Simu hupokea ujumbe wenye namba ya mkulima. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata.

Sehemu hii ya huduma imefikiriwa vizuri. Haidai mtu awe na hati ya ardhi, jambo ambalo lingewatupa nje karibu wote huku kwetu, na haimlazimishi kwenda mjini. Aliyesajiliwa msimu uliopita anahuisha taarifa tu. Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni Julai hadi Septemba. Mikoa hii ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, na anayekumbuka kuhuisha Novemba anakuta foleni, mtandao umeelemewa na mbolea ya kupandia inahitajika wiki hiyo hiyo.

Kasoro zake ni za kuandika, na zinaumiza. Ya kwanza ni ekari na hekta. Hekta moja ni ekari 2.47. Mkulima wa Sikonge mwenye ekari tano akiandikwa hekta tano, mfumo unamwona ana zaidi ya ekari 12, na mifuko inayoruhusiwa kwa jina lake inapita mara mbili ya anachohitaji. Mwingine mwenye hekta mbili akiandikwa ekari mbili, anapata pungufu ya nusu. Kosa ni lile lile, ila la kwanza halilalamikiwi na mtu. Kabla ya kuondoka ofisini, mkulima amwombe mwandishi asome tena tarakimu pamoja na kipimo chake: "ekari ngapi, au hekta ngapi?" Sekunde kumi zinatosha.

Ya pili ni laini ya simu. Familia nyingi zina simu moja, na namba inayoandikwa ni ya mtoto aliyeko mjini au ya shemeji. Ujumbe unafika kwake. Akiwa mwaminifu, anasoma namba kwa sauti na mambo yanakwenda. Asipokuwa mwaminifu, mifuko inachukuliwa mji mwingine, na mkulima akifika dukani anaambiwa mgao wake umekwisha. Mama mjane asiye na simu ni heri aandikishe laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, hata kama inakaa kwenye simu ya kuazima, kuliko kutumia laini ya mtu mwingine.

Ya tatu inawahusu wanaoishi kijiji kimoja na kulima kingine, jambo la kawaida Kaliua na Uvinza ambako mashamba mapya yako mbali na makazi. Shamba moja linaweza kuandikwa mara mbili, kila kijiji kwa nia njema. Kompyuta ya makao makuu haitajua kuwa ekari nne za "Ng'ambo ya mto" na ekari nne za "Mtoni" ni zile zile. Mwenyekiti wa kitongoji atajua mara moja, akionyeshwa orodha.

Dukani kwa wakala

Mkulima anafika kwa wakala na namba yake. Wakala anaiingiza kwenye programu ya simu, jina linajitokeza pamoja na kiasi kilichobaki, kisha anaskani msimbo uliobandikwa kwenye kila mfuko. Mfuko ukishaskaniwa umefungwa kwa jina la mkulima yule. Mkulima analipa bei ya ruzuku, anachukua risiti na mfuko wake.

Kwa mtu aliyeona vocha za pembejeo za miaka ya nyuma, hii ni hatua kubwa. Vocha ilikuwa karatasi. Iliweza kununuliwa kwa elfu chache kwa mkulima asiye na fedha ya kuongezea, ikakusanywa na mtu mmoja, ikaenda kubadilishwa kwa fedha bila mfuko wowote kusogea. Sasa mfuko wenyewe una kitambulisho. Mbolea ya ruzuku ikikutwa mahali isipostahili kuwa, msimbo wake unasema ilitoka duka gani na kwa jina la nani. Kwa hili huduma inastahili sifa kamili.

Mnyororo hukatika mtandao unapokatika. Wakala mwenye wateja 30 nje na simu isiyoshika mtandao anafungua daftari: anaandika namba za wakulima, anatoa mifuko, anasema ataingiza jioni. Wengi huingiza kwa uaminifu. Lakini kitabu cha namba za wakulima kilichobaki mikononi mwa muuzaji ni sawa na funguo za nyumba za watu zilizoachwa kwa fundi. Namba yenye mifuko minne ambayo mwenyewe kachukua miwili inaweza kumaliziwa na mtu mwingine, na kwenye mfumo kila kitu kitaonekana kimenyooka. Mkulima asikubali kuacha namba yake kwenye daftari na kuondoka. Kama mtandao haupo, asubiri au arudi, na baada ya kuchukua mbolea aombe aonyeshwe kwenye simu ya wakala kiasi kilichobaki kwa jina lake.

Mfuko nao ukaguliwe. Ukiona mistari miwili sambamba ya matundu, mmoja hauna uzi, huenda mfuko umefunguliwa na kushonwa upya. Uwekwe kwenye mizani, na wakala asiyekuwa na mizani hastahili kuwa wakala, kwa sababu kilo tatu zilizochotwa kwenye mifuko 16 ni karibu mfuko mzima. Urea halisi ni chembe nyeupe za mviringo, na ukiweka kiganja kimoja kwenye glasi ya maji ukakoroga, glasi inapoa waziwazi mkononi. DAP ni punje ngumu zisizovunjika kwa kucha. Mbolea iliyoshikana kama jiwe imepata unyevu. Hiyo si lazima iwe bandia, ila usilipie kama mpya.

Kuhusu risiti, idaiwe na itunzwe. Iandikwe aina ya mbolea, idadi ya mifuko na bei iliyolipwa. TFRA hutangaza bei elekezi za msimu, na wakala anapaswa kuzibandika dukani. Mahali zisipobandikwa, ndipo "hela ya kupakua", "hela ya mtandao" na "hela ya mfuko" huzaliwa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sehemu ya bei.

Mbolea ifike kwa wakati, hapo ndipo huduma hii huyumba kwa wakulima wa magharibi. Shehena inatoka bandari ya Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Tabora, na zaidi ya 1,200 hadi Kigoma. Msambazaji akichelewa kurudishiwa tofauti ya bei, mtaji wake unakwama, na anayekwama huanza kupunguza maeneo ya mbali yenye gharama kubwa. Matokeo yake ni duka la Kasulu lenye Urea tele Novemba, wakati mkulima anatafuta DAP ya kupandia. Halafu kuna mwendo wa mwisho, kutoka mji wa wilaya hadi kijijini. Tuseme bodaboda anadai 8,000 kwa mfuko: mkulima wa mifuko minne ametoa 32,000 ambazo hakuna ruzuku inayozigusa. Wakulima kumi wakikubaliana siku moja wakakodi gari dogo la mizigo, gharama kwa mfuko hushuka sana. Vikundi vya maharage vya Buhigwe na vyama vya kahawa vinaweza kufanya hivyo bila kuongeza kamati nyingine.

Tumbaku ina njia yake. Pembejeo zake hupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa mkopo, kwa kufuata makisio ya kilo za kila mkulima, na deni hukatwa siku ya soko. Inatajwa hapa kwa sababu moja: makisio ni orodha. Jina, kilo za makisio, mifuko ya mbolea. Katika AMCOS inayoendeshwa vizuri orodha hiyo husomwa mbele ya wanachama, na mwanachama husimama kusema, "Huyu mwenzetu hajajenga bani, hizi kilo 3,000 atakaushia wapi?" Swali hilo moja la mtu aliye jirani lina nguvu kuliko safari tatu za mkaguzi kutoka Dodoma. Ruzuku ya mbolea ya mahindi haina mahali ambapo swali kama hilo linaulizwa.

Mahali orodha inapopotelea

Mkulima akikamilisha hatua zote zilizoelezwa hapo juu, usajili, ujumbe, duka, risiti, hajaona popote jina la mwenzake wala ekari alizoandikiwa. Taarifa zipo. Zimeingia kwenye kompyuta, zinaweza kutolewa kwa kijiji, kwa wakala, kwa aina ya mbolea na kwa tarehe. Wanaozisoma ni maofisa. Kijiji kinachobandika orodha kwenye ubao wa matangazo kinafanya hivyo kwa sababu mtendaji na mwenyekiti wake wameamua. Na wale wawili ndio pia waliosimamia daftari.

Hapo inafaa kutazama jinsi Marekani ilivyofanya wakati wa UVIKO-19, kwa sababu walikosea mahali tulipopatia, na wakapatia mahali tulipokosea. Aprili 2020, Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, ilitangaza mpango wa CFAP, ukiwa na dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja. Maombi yalianza kupokelewa tarehe 26 Mei 2020 kwenye ofisi za wakala wa wizara hiyo, FSA, zilizoko ngazi ya kaunti. Septemba ikaja awamu ya pili yenye hadi dola bilioni 14, na safari hii wakaingizwa hata wakulima wa tumbaku na wafugaji wa nyuki. Msomaji wa Tabora atapenda kujua hesabu yake. Mazao hayo yalilipwa kwa mauzo ya mwaka 2019: asilimia 10.6 ya mauzo hadi dola 49,999, kisha asilimia 9.9 kwa yanayofuata hadi 99,999, ikishuka ngazi kwa ngazi mpaka 8.8 kwa yaliyopita milioni moja. Mfuga nyuki aliyeuza asali ya dola 30,000 alilipwa dola 3,180. Ukomo ulikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja.

Fedha ilitoka upesi kwa sababu mwombaji alijithibitishia mwenyewe. Alijaza fomu, akatia saini kuwa takwimu ni za kweli, akalipwa, na vielelezo vikaombwa baadaye kwa wachache waliochaguliwa. Udhaifu wake uko wazi, na mwaka 2022 taasisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, iliitaka USDA ikague malipo yale kwa ukali zaidi. Kwa kipimo cha kufuatilia mali hadi kwa mlengwa, msimbo wetu kwenye mfuko ni bora kuliko saini ile.

Lakini baada ya kulipa, FSA huweka hadharani mafaili ya malipo: jina la mlipwaji, anwani, mpango, tarehe na kiasi. Mtu yeyote anayapakua. Shirika la kiraia la EWG limekuwa likikusanya taarifa za namna hiyo, kuanzia mwaka 1995, na kuzipanga kwa jimbo, kaunti na jina, kiasi kwamba mkulima anaweza kutafuta kaunti yake akaona nani wa kwanza, nani wa mwisho, na asilimia ngapi ya fedha imekwenda kwa wakubwa kumi. Siyo kila mlango wa serikali yao uko wazi hivyo. Kwenye tovuti ya matumizi ya serikali kuu, USASpending, majina ya watu binafsi hufichwa na malipo mengi hujumlishwa pamoja, hivyo anayetafuta jina hupata jumla tu. Anayejua tofauti ya mafaili hayo mawili hapotezi siku nzima kwenye lile lisilo na majina.

Hatuhitaji tovuti kama ya EWG ili kijiji cha wilaya ya Uyui kijue mifuko yake. Tunahitaji karatasi tatu na gundi.

Karatasi iwe na nini

Jina la mkulima, kitongoji, ekari zilizosajiliwa, zao, mifuko ya kupandia na ya kukuzia aliyoruhusiwa, mifuko aliyochukua hadi tarehe fulani, na jina la duka. Chini kabisa iwe na jumla ya ekari na jumla ya mifuko. Jumla ndiyo mara nyingi husahaulika, nayo ndiyo yenye kufichua. Tuseme kijiji kina kaya 400 na wastani wa ekari tatu kwa kaya: ni ekari 1,200. Orodha ikijumlisha ekari 4,000, kuna hekta zilizoandikwa mahali pa ekari, kuna mashamba yaliyorudiwa, au kuna watu wasiokuwepo. Kwa mahindi, mazoea ni mfuko mmoja wa DAP kupandia na mmoja wa Urea kukuzia kwa ekari. Mifuko ikizidi mara mbili ya ekari za kweli, ziada imekwenda wapi?

Visivyopaswa kuwepo kwenye karatasi ni namba ya simu, namba ya NIDA na namba ya mkulima ya mfumo. Hiyo ya mwisho hasa. Kuibandika ni kugawa mbolea ya watu kwa mpita njia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, hutajwa wakati mwingine na viongozi kama sababu ya kutobandika chochote. Hofu hiyo inaeleweka, lakini jina na idadi ya mifuko iliyolipiwa na umma ni jambo tofauti na namba ya kitambulisho cha mtu. Njia salama ni mkutano mkuu wa kijiji upitishe uamuzi, uandikwe kwenye muhtasari, kwamba orodha ya ruzuku itabandikwa yenye safu zilizotajwa na si nyingine. TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, imezoea jambo la jamaa na hili: majina ya kaya maskini hupitishwa mbele ya mkutano wa kijiji, mtu akasimama kusema huyu anastahili, yule ana ng'ombe 30. Aibu ipo kidogo, na kazi inafanyika.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Wa Septemba ndio wa kusoma ekari, kabla ya mfuko wowote kutoka, kwa sababu kosa la ekari likisahihishwa Septemba halimgombanishi mtu na mwenzake. Wa Machi ndio wa kusoma mifuko iliyochukuliwa. Anayesoma asome kwa kitongoji, si kwa alfabeti. Watu wa kitongoji kimoja wanajuana, na jina geni hudakwa papo hapo. Likisomwa katikati ya majina 600 yaliyopangwa kwa herufi, hupita.

Mtendaji akisema hana takwimu za mfumo, huenda ni kweli. Hapo njia ni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Barua nyingi hushindwa kwa sababu zinaomba "taarifa zote za ruzuku", na ofisi hujibu kwa kupeleka hotuba. Iombwe hivi: kwa kijiji fulani, kata fulani, msimu fulani, idadi ya wakulima waliosajiliwa, jumla ya ekari, mifuko iliyotolewa kwa kila aina ya mbolea, kwa kila mwezi na kwa kila wakala. Hakuna jina la mtu ndani yake, kwa hiyo hakuna kisingizio cha faragha. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, maana siku 30 zisizo na tarehe ya kuanzia haziishi. Wakikataa, wadaiwe sababu kwa maandishi.

Ngazi ya juu ya hayo yupo CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi kisha huwekwa mezani bungeni Aprili. Ripoti hiyo isomwe. Lakini inahusu mwaka wa fedha uliokwisha Juni iliyotangulia, na mbolea ambayo CAG anaizungumzia ilishavunwa ikiwa mahindi, yakaliwa. Ubao wa kijiji una faida ambayo ripoti haina: unasomwa wakati mfuko bado uko dukani.

Kwa vijiji vya Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe vilivyo jirani na Burundi, kuna safu moja zaidi ya kuongeza kwenye karatasi: tarehe ya kuchukua. Mfuko wa bei ya ruzuku una thamani kubwa upande wa pili wa mpaka, na anayekusanya mbolea ya kuvusha hachukui kidogo kidogo kama mkulima. Mkulima huchukua DAP Novemba na Urea wiki tatu nne baada ya mahindi kuota. Anayekusanya hutumia namba za watu 15 kwenye duka moja, siku moja au mbili, DAP na Urea kwa pamoja. Kwenye orodha isiyo na tarehe hao ni wakulima 15 wa kawaida. Tarehe ikiwepo, mistari 15 yenye siku ile ile na duka lile lile inakaa pamoja kwenye ukurasa, na wenye majina hayo wanaweza kuulizwa kama wana mbolea nyumbani.